Hii Kesha Kula?

Wiki iliyopita nilipita soko la Ngamiani kununua nazi, nikamkuta mama mmoja ametandika gunia chini, na juu ya gunia amepanga mafungu ya kilua. Ua lenyewe halina sura. Ukiliona bila kulinusa utadhani ni jani lililoanza kunyauka. Lakini harufu yake ilinishika pale pale, nazi nikazisahau. Nilinunua fungu zima, mimi ambaye mume wangu hupiga chafya hata kwa karafuu ya pilau.

Ile ilikuwa harufu ya Alhamisi. Nilikulia kwa mama mkubwa, Chumbageni, na kwake kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri tulikaa uani kutunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Yeye alipanga rehani na asumini, mimi nikimkabidhi vilua kimoja kimoja, na alinipiga kofi la mkono nikivibana sana. Kikuba kimoja alikichomeka kwenye nywele zake, kingine alikiweka chini ya mto wa mumewe. Tangu tumzike mama mkubwa nilikuwa sijainusa harufu ile. Nilirudi nyumbani na maua yangu, nikakaa jikoni, nikalia kama mtoto aliyenyimwa.

Nieleze kidogo nilifikaje kwake. Wazazi wangu walikuwa Muheza, baba akiuza machungwa pale njia panda na mama akilea wadogo zangu waliofuatana kama vidole. Nilipofikia umri wa shule nikapelekwa Tanga kwa dada yake mama, Bi Mwanahamisi, ambaye hakujaliwa mtoto. Hakuna aliyeniuliza. Mambo hayo hayakuwa na mjadala: asiye na mtoto hupewa wa mwenziwe, apate wa kumtuma dukani. Aliishi kwenye nyumba ya urithi, ya marehemu babu yangu, pamoja na mumewe, Mpemba mmoja mrefu aliyefanya biashara ya kwenda na kurudi, akileta vitu vya kwao na kupeleka machungwa yetu. Alikuwa mtu wa kucheka kabla hajamaliza kisa chake mwenyewe. Mtaa mzima ulimwita Faki. Mimi nilimwita Baba Mkubwa. Mama mkubwa hakumwita kitu.

Wenzangu wa pwani wanaelewa. Kwa wanawake wa rika lake, mume hatajwi jina. Ni adabu, na ni zaidi ya adabu, kwa sababu mwanamke aliyelitaja alionekana amemvua mumewe nguo hadharani. Waliozaa walikuwa na njia yao. Baba Ali, Baba Mwanaidi: mtoto wa kwanza ndiye aliyempa mama yake mdomo wa kumwitia mumewe. Mama mkubwa hakuwa na mtoto huyo. Majirani walimshauri atumie jina langu, akakataa. Alisema baba yangu yu hai huko Muheza, hawezi kumvua ubaba akamvika mtu mwingine. Basi akabaki na "yeye", na "mwenyewe", na "mwenzangu". Akitaka kumwita aliyeko chumbani, alikohoa. Nilivijua vikohozi vyake vyote. Kulikuwa na cha chai tayari, na cha mgeni amefika, na kimoja kifupi kilichomaanisha kwamba mtoto anasikiliza.

Baba Mkubwa aliondoka msimu wa karafuu. Alisema anakwenda kuwasaidia ndugu zake kuchuma na kuanika, na zikishakauka atarudi. Aliacha makubadhi yake mazuri ya ngozi chini ya kitanda, kwani alisema hataki kuyaharibu shambani. Nilipewa kazi ya kuyapaka mafuta ya nazi kila Ijumaa ili ngozi isipasuke, na niliifanya kwa moyo wote, kwa sababu mtu aliyeacha viatu vizuri lazima arudi. Ndivyo nilivyojua mimi. Karafuu za msimu ule zilikauka, zikauzwa, na msimu mwingine ukaingia. Alhamisi tulitunga vikuba. Kile cha chini ya mto alikitoa Jumamosi kimekauka, akakipukuta uani.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Niliona kwamba kila kiumbe huja kwa kuitwa. Kuku huitwa, akaja. Chuoni, tulikosoma Kurani, maalimu alitaja majina yetu na asiyetajwa aliweza kubaki nyumbani hata mwezi. Shuleni hivyo hivyo. Sasa Baba Mkubwa angerudije, wakati mtu anayemtaka hamwiti? Nilikuwa na hakika kwamba siku mama mkubwa atakapofungua kinywa akasema Faki, wazi, kwa sauti, huko Pemba mtu atainua kichwa. Nikaanza kumtegea. Nilimuuliza jina la mume wake kama vile nimelisahau. Nilimwambia mwalimu analitaka. Alinitazama, akasema, "Mwalimu wako akamuulize mjinga mwenziwe," akaendelea kukuna nazi.

Mwalimu huyo, maskini, hakuwa na habari. Jina lake Mwalimu Mhando, Mbondei wa kwetu Muheza, na ndiye aliyetuanzisha Kiingereza. Walimu wengine walituimbisha, yeye alitupa visa. Alisema kila neno lina kwao, kama mtu, na ukitaka kuliheshimu uliza lilikotoka. Siku aliyotuandikia yale maneno madogo ubaoni, ya mimi na wewe na yeye, alitumia kipindi chote, kengele ikalia na bado anazungumza na chaki mkononi. Nami nilikuwa na tabia ya kurudi nyumbani na kila kitu nilichosikia, na kumwagia mama mkubwa kama ndoo ya maji.

"Mimi yao wanaiandika kwa herufi kubwa," nilimwambia siku ile. "Hata katikati ya sentensi. Wewe ndogo, yeye ndogo, mimi kubwa."

"Makuu hayo," akasema. "Watu wa kujisifu."

"Mwalimu kasema si makuu. Zamani lilikuwa neno refu kidogo. Likakatikakatika mpaka ikabaki herufi moja tu, wakaiandika kubwa isije ikapotea kwenye karatasi."

Mama mkubwa alicheka mpaka akaweka mbuzi ya nazi pembeni. "Ala! Kumbe si kiburi, ni woga wa kupotea."

Nikamweleza ya "you", kwamba Waingereza zamani walikuwa na neno la kumwambia mtu mmoja wa karibu na jingine la kuwaambia wengi. Wakaona adabu kumwambia mtu mmoja lile la wengi, na adabu ikazidi mpaka lile la karibu likafa, sasa mfalme na mwizi wanaambiwa sawasawa. Hilo lilimsikitisha. "Hivyo mke na mume wanaambiana lile lile la kumwambia polisi?" aliuliza. Nilisema ndiyo. Akatikisa kichwa, akawaonea huruma.

Nikamweleza ya "they", ambalo si lao kabisa. Waliletewa na watu wa kaskazini waliokuja kwa majahazi, wakapigana, kisha wakaoa na kukaa. "Watu wa baharini ndivyo walivyo," akasema. "Hawakosi kukuachia neno." Na ya "she" je? Mwalimu Mhando alisema neno la mwanamume ni la zamani na kwao kunajulikana, lakini la mwanamke wataalamu wanabishana mpaka leo, hawajui hasa lilitokea wapi.

"Hata kwa Wazungu?" aliuliza mama mkubwa. "Hata kwa Wazungu mwanamke hana kwao?"

Lakini la "he" ndilo lililomkamata. Alinitaka nirudie. Alikuwa amesoma kidogo tu shuleni, ila Kurani aliijua vizuri, na akili yake haikupitwa na kitu.

"Ngoja. Nikisema hivyo, watu wanajua ni mwanamume?"

"Wanajua."

"Na jina sijalitaja?"

"Hujalitaja."

"Na si mwanamume yeyote. Yule ambaye mimi na wewe tunamjua."

"Ndiyo."

Alilijaribu mdomoni taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Hii. Alilivuta kidogo mwishoni. Akatazama mlango wa chumba, akalisema tena, uso ukamwiva kama wa mwari. Nilimwona kijana ghafla. Sikujua kwamba watu wazima huweza kuwa hivyo.

Kuanzia siku ile Baba Mkubwa akawa Hii ndani ya nyumba yetu. Mpita njia angedhani tunazungumzia meza, lakini sisi wawili tulielewana. Hii hapendi ndimu kwenye mchuzi. Hii alinunua kabati hili kabla hujaja. Mama mkubwa, aliyekuwa akimtaja mumewe kwa kikohozi, sasa alimzungumzia mchana kutwa, akiosha mchele, akifagia uani, akinisuka. Kichwa cha samaki, ambacho alikuwa akimwekea mumewe siku zote, alianza tena kukiweka kando kwenye sahani yenye kifuniko. Kabla hatujakaa mkekani aliniuliza kwa mzaha, "Hii kesha kula?" Nami nilipaswa kujibu, "Bado, tumwachie chake." Kisha jioni kichwa nakila mimi. Nilinenepa msimu ule kwa kichwa cha mtu asiyekuwepo.

Nilimpenda sana akiwa hivyo. Hata hivyo wazo langu halikuniachia. Hii lilikuwa neno zuri lakini halikuwa jina lake, na huko Pemba wanaume ni wengi. Angejuaje kwamba ni yeye?

Basi ikafika Alhamisi moja. Tulikuwa uani na sinia la maua, tukasikia hodi. Alikuwa kaka yake Baba Mkubwa, Bwana Hamadi, ametoka Pemba, na amefuatana na mzee mmoja wa msikiti wetu. Mama mkubwa aliruka. Alifuta mikono kwenye kanga, akatandika mkeka mpya, akawa anazungumza haraka haraka, habari za safari, habari za watu wote. Niliwaamkia shikamoo, wakanijibu marahaba bila kunitazama. Chakula kilikuwepo, wali na samaki wa kupaka, akakipakua chote. Niliona kichwa cha samaki kimepanda kwenye sahani ya Bwana Hamadi, na nilisamehe.

Hawakula. Bwana Hamadi alinawa mikono kisha akaikausha, akaiweka magotini. Mimi nilifurahi, kwa kuwa niliona chakula kitabaki. Mama mkubwa aliniambia nikimbilie dukani nikalete soda za wageni. Nikiwa natoka nilimsikia Bwana Hamadi akisema kwa Kipemba chake, "Shemegi, kaa chini kwanza. Miye mjumbe tu, na mjumbe hauawi."

Nilikimbia kwenda na kurudi, soda zikinipoza kifuani. Nilipofika ukumbini wageni walikuwa wamesimama tayari. Mama mkubwa alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Kikuba bado kilikuwa nyweleni. Akasema, kwa sauti ambayo nje wangeisikia:

"Mwambieni Faki salamu zake zimefika."

Faki! Alisema Faki! Mbele ya watu, mbele ya kaka mtu, kwa kinywa chake! Niliweka soda chini moja ikaanguka. Sikusubiri kuagana na mtu. Nilikimbia chumbani, nikaingia uvunguni, nikayatoa makubadhi, nikayafuta kwa gauni langu la shule mpaka yakang'aa. Niliyaweka mlangoni kwa nje, yakiwa yameelekea ndani, kama mtu anavyoyavua akifika kwake. Kisha nikakaa barazani nikiangalia njia. Wageni walinipita. Yule mzee wa msikiti aliyaona yale makubadhi, akaniona mimi, akageuza uso.

Sijui nilikaa muda gani. Jua lilikuwa bado lipo. Mama mkubwa alitoka akasimama nyuma yangu, na sikugeuka, kwa sababu nilikuwa na kazi.

"Wafanya nini hapo, mwanangu?"

"Namsubiri Baba Mkubwa. Si umemwita?"

Alikaa kwenye kizingiti. Mama mkubwa hakuwa mtu wa kukaa kizingitini, alikuwa akisema ni mkosi. Aliyachukua yale makubadhi akayapakata mapajani kama mtu aliyepakata paka.

"Mume hatajwi jina," alisema. "Hilo walijua?"

"Nalijua."

"Basi. Yule nimemtaja."

Harufu ya vilua ilikuwa kali barazani, kwa kuwa alikuwa amekitoa kile kikuba nyweleni na kukibana mkononi. Ndipo nilipomtazama usoni, na ndipo nilipoelewa, si kwa maneno, kwamba mlango ulikuwa umefungwa na si kufunguliwa. Baba Mkubwa alikuwa na mke mwingine kule Pemba, na mke yule alikuwa amejifungua. Nyumba mbili zilimshinda. Bwana Hamadi alikuwa amekuja na talaka, na mzee wa msikiti alikuwa shahidi. Hayo niliambiwa baadaye, na watu waliodhani wananiambia jambo jipya.

Nililia mimi, yeye hakulia. Alinishika kichwa akakilaza juu ya yale makubadhi, yakinuka mafuta ya nazi niliyoyapaka mwenyewe.

Alikaa eda ndani ya nyumba ya babake, bila udi na bila maua, na eda ilipokwisha aliyachukua makubadhi akampa mwadhini wa msikiti wa jirani, akisema ni sadaka. Nilidhani yamekwenda. Lakini mwadhini alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu kila wakati wa sala, na ngozi ile ilikuwa na mlio wake. Yakisikika, mkono wa mama mkubwa ulisimama juu ya mbuzi ya nazi. Yakishapita, ukaendelea. Ilikuwa hivyo mpaka soli zilipoisha.

Neno Hii liliondoka nyumbani kwetu siku ile. Badala yake lilibaki jina, na alilitaja bila taabu yoyote, kama anavyotaja jina la muuza mkaa. Faki alipenda hivi. Faki naye alikuwa mwongo. Majirani walimshangaa kwa wepesi ule, wakasema amepona. Walikuja wachumba, watu wazima wenye nia njema, akawakirimu kahawa, akawarudisha kwao. Mimi nilisoma, nikaolewa, na mume wangu namwita jina lake kutwa nzima, tena mara nyingine kwa ukali. Mama mkubwa, kila akinisikia, aliguna. Nilitamani kumuuliza kama bado anamkumbuka Baba Mkubwa, lakini mtu unamuulizaje jambo kama hilo? Nilimtamani yule niliyemwona uani siku moja, aliyeiva uso kwa neno dogo la kigeni. Nimekuwa nikimtamani maisha yangu yote. Hakurudi.

Au ndivyo nilivyoamini. Alipoanza kudhoofika nilimhamishia kwangu, Mabawa, nikampa chumba cha mbele apate upepo. Akili ilikuwa ikienda na kurudi. Mara aliniita kwa jina la mama yangu, mara aliniuliza machungwa yameuzwaje. Mchana mmoja binti yangu alikuwa amekaa miguuni pa kitanda chake akikariri masomo ya shule, akiimba tu kama wanavyoimba, "he, she, it, we, you, they." Mama mkubwa alikuwa amefumba macho. Alifumbua.

"Hii kesha kula?" akauliza.

Binti yangu aliacha kusoma. Alitazama meza, akatazama paka aliyelala dirishani, akanitazama mimi. "Mama, bibi anauliza nini?"

Nilikuwa mlangoni na sahani mkononi. Miaka yote ile ya Faki huyu na Faki yule. Kumbe alikuwa amemrudisha mahali ambapo hatajwi. Nilikwenda nikakaa kando yake, nikamshika mkono.

"Kesha kula, mama," nikamwambia. "Yuko barazani, anakunywa kahawa."

Alitulia. Uso ukamwiva kidogo, nakuapieni, kama siku ile uani.

"Mtolee makubadhi yake," akasema, "asije akaondoka peku."

Niliinuka nikatoka mpaka mlango wa nje. Barazani hapakuwa na mtu, ila kandambili za watoto zilizotupwa ovyo. Nikachukua jozi moja nikaipanga vizuri, visigino vikielekea njiani kama vya mtu aliyefika, kisha nikarudi chumbani nikamwambia nimeshayaweka.